Acheni Kuisingizia Linux

Najua nimekuwa kimya sana hapa, na leo nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Juzi nilikuwa Bungoma na wenzangu wawili wa kazi hii, tunakunywa chai, nikawasimulia yaliyonikuta nilipohamisha mfumo wa mteja wangu kutoka Windows kwenda Linux. Hata sijamaliza, mmoja akanikatiza: "Si nilikuambia? Hiyo Linux yenu si ya biashara za huku kwetu. Rudisha Windows watu walale." Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Maneno haya nimeyasikia Kitale, nimeyasikia Bungoma, na nimeyachoka. Hebu sikilizeni kisa chote, halafu mniambie nani wa kulaumiwa.

Mteja wangu hununua mahindi. Ofisi kuu iko Kitale, na ana ghala jingine Bungoma. Mwaka 2020, shahada yangu ya sayansi ya kompyuta ikiwa bado inanuka wino, nilimwandikia programu ya PHP inayofunguliwa kwa kivinjari. Mkulima analeta magunia, yanapimwa, uzito unaingizwa, analipwa, anapewa risiti. Basi. Programu yenyewe ilikaa kwenye XAMPP, ndani ya kompyuta moja ya mtumba pale Kitale, na karani wa Bungoma aliifikia kwa intaneti. Miaka mitano haikutusumbua.

Kisha ikafika Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Ile kompyuta ni kuukuu, Windows 11 haiitaki kabisa. Mteja hakuwa na haja ya kununua nyingine katikati ya mavuno, na mimi sikutaka mashine yenye namba za vitambulisho vya wakulima ibaki kwenye intaneti bila masasisho ya usalama. Nikaweka Ubuntu 24.04 na MySQL 8.0, nikatoa data yote kwa mysqldump, nikaiingiza upande wa pili. Kazi ya Jumapili moja ya Novemba. Nikafungua ukurasa wa mizani, uko sawa. Ukurasa wa malipo, unafunguka. Nikaenda zangu nyumbani nikijipiga kifua.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Orodha ya wakulima haifunguki. Nikatazama: kosa namba 1146, jedwali halipo. Lakini jedwali lipo, nimeliingiza mwenyewe jana!

Kwa wasiojua, mambo yako hivi. Kwenye MySQL kila hifadhidata ni folda, na jedwali kwa kawaida ni faili ndani ya folda hiyo. Kwa Windows, faili iitwayo Wakulima na iitwayo wakulima ni faili moja. Kwa Linux ni faili mbili, kama vile Wanjala na Wafula ni watu wawili. MySQL inafuata tabia ya mfumo iliomo, na mpangilio wake unaitwa lower_case_table_names. Kwa kawaida Windows huwa 1: majina yote yanahifadhiwa kwa herufi ndogo, na hata ukiandika WAKULIMA utajibiwa. Linux huwa 0: jina ni lile lile lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. (Majina ya safu ndani ya jedwali hayana shida hii popote, na hilo ndilo linalowachanganya watu zaidi.)

Sasa mimi, kwa miaka mitano, ukurasa mmoja nimeandika wakulima, mwingine Wakulima, kutegemea siku hiyo niliamkaje. Windows ilikubali yote. Nilipotoa data, majedwali yalikuwa tayari na herufi ndogo, na kule Linux kila ukurasa uliotaja herufi kubwa ulikuwa unaita mtu asiyekuwepo.

Nikarekebisha ukurasa ule mmoja uliolalamika. Mmoja tu! Nikafunga laptopu. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kwanza.

Alhamisi akanipigia karani wa Bungoma, mama mtu mzima aliyekuwa kwenye kazi za ghala kabla mimi sijazaliwa. "Mwanangu, hii risiti namba saba ni ya nini? Wiki iliyopita tulikuwa elfu sita na kitu."

Nikahisi baridi mgongoni. "Mama, mashine inaonyesha nini kingine cha ajabu?"

"Kuna mzee hapa inasema hajalipwa. Na mimi mwenyewe nilimlipa Ijumaa, kitabu changu kinasema hivyo."

Nikamwambia asilipe mtu yeyote, nikapiga simu Kitale wasimamishe, nikaingia kwenye seva kuorodhesha majedwali. Yako mawili. Kuna malipo, lenye safu mlalo zote za miaka mitano. Na kuna Malipo, jipya, lenye risiti kumi na moja. Lilitoka wapi? Nililitengeneza mimi! Mwanzoni mwa ukurasa wa malipo niliwahi kuweka CREATE TABLE IF NOT EXISTS Malipo, ule mtindo wa uvivu wa kuhakikisha jedwali lipo kila ukurasa unapofunguka. Windows iliona lipo. Linux ikatafuta Malipo, haikuliona, ikatii amri: ikaunda tupu. Hakuna kosa lililoonyeshwa. Ukurasa huo huorodhesha mizigo ya siku 14 zilizopita ambayo haijalipiwa, kwa hiyo wakulima waliolipwa wiki iliyotangulia walirudi wote kwenye orodha wakionekana wanadai.

Kitale kulikuwa na kijana mgeni kazini, naye aliamini kioo. Wakulima wawili walilipwa mara mbili, mmoja magunia 14, mwingine 9. Nilipanda matatu siku hiyo hiyo, Kiminini, Webuye, mpaka Bungoma, tukakaa na mama yule tukilinganisha vitabu vya risiti na kila kilichokuwa kwenye mashine. Mkulima mmoja alirudisha pesa bila maneno. Wa pili alikuwa ameshanunua ndama. Gharama ya ndama huyo imekatwa kwenye malipo yangu, na sina cha kulalamika.

Basi, turudi kwa wenzangu wa chai. Nakubali jambo moja: kama ningebaki na Windows, wiki ile hakuna ambaye angelipwa mara mbili. Ni kweli. Lakini hiyo ni sawa na kusema nyumba haivuji kwa sababu mvua haijanyesha. Ile kompyuta ingekufa siku moja, umeme wetu mnaujua. Au mteja angetaka kukodi nafasi kwenye seva ya mtandaoni, ambako sehemu kubwa ni Linux. Data ingehama tu, na mtego ulikuwa umetegwa tangu 2020. Aliyeutega si Linus Torvalds.

Yule wa pili akasema, "Si ungeweka tu lower_case_table_names iwe 1 uendelee na maisha?" Jibu hili utalikuta kila mahali, na ndilo linaloniudhi zaidi. Kwanza, kwenye MySQL 8.0 mpangilio huo unachaguliwa hifadhidata inapoanzishwa mara ya kwanza. Ukiubadilisha baadaye seva inakataa kuwaka. Jaribu uone. Pili, chukulia umefanikiwa. Utakuwa umefanya nini? Umeifundisha Linux kuficha uchafu wako kama Windows ilivyouficha, na siku mwingine akiuhamisha mfumo huo bila kujua, ndama mwingine atanunuliwa. Mwongozo wa MySQL wenyewe unashauri jambo rahisi kupita yote: chagua mtindo mmoja, kwa mfano herufi ndogo tupu, ushikamane nao. Haigharimu chochote! Na si majedwali peke yake. Faili zako za PHP unazoziita Config mahali hapa na config mahali pale zitakufanyia vivyo hivyo.

Kuna jingine linalonikera, na hili tunalibeba kutoka madarasani. Tunafundishwa kwa XAMPP, tunaingia kama root bila neno la siri, na tunakwenda na tabia hiyo mpaka kwa wateja. Programu yangu ilikuwa inaingia kama mwenye mamlaka yote. Kama ningeipa akaunti yenye ruhusa ya kusoma, kuingiza na kurekebisha tu, bila ruhusa ya kuunda majedwali, Jumapili ile ile ukurasa wa malipo ungegoma mbele ya macho yangu. Ningekasirika dakika kumi, nikarekebisha, yakaisha. Badala yake ulinyamaza ukafanya hesabu za uongo kwa siku nne. Mimi leo naliogopa kosa lisilopiga kelele kuliko lolote.

Nilivyosafisha: nilisimamisha programu, nikachukua nakala ya kila kitu, nikahamishia zile safu mlalo kumi na moja kwenye malipo zikapewa namba mpya, nikalibadilisha jina lile bandia kuwa malipo_makosa ili ushahidi ubaki. Kisha grep kwenye faili zote, herufi kubwa zote zikashuka. Nilizipata mahali 63. Sitini na tatu! CREATE TABLE imetoka kwenye kurasa, na root haijui tena habari za programu.

Mama wa Bungoma bado anaandika kitabu chake cha risiti kwa mkono. Mteja aliniuliza kama amwambie aache, sasa mfumo umetengemaa. Nikamwambia hapana, mwongezee kalamu.

Wiki ijayo nina mwingine Webuye, duka la pembejeo, naye yuko kwenye Windows 10 na XAMPP iliyowekwa na fundi aliyehamia Nairobi. Safari hii naanza na grep kabla sijagusa kitu.