Mvua Ikinyesha, Shusha Upinde

Wasee, tuongee ukweli. Kila usiku nikifungua simu naona wawindaji wa Marekani wakisifu mvua: majani yameloa, hatua hazisikiki, kulungu hashtuki. Sawa, hapo sibishi. Lakini mbona hawataji damu? Kulungu akipigwa mshale mara nyingi haanguki papo hapo. Anakimbia, hata kama umempata kwa mapafu, na wewe unamfuata tone kwa tone. Mvua kubwa inaosha hayo matone kabla hujashuka kwa mti uliopanda kumvizia. Nyama inaozea msituni, na huyo kulungu kwa sheria yao ni mali ya wananchi wote. Umeharibu cha watu, halafu unaposti uso wa huzuni wakuhurumie!

Najua mtauliza Mkenya anajua nini, na hapa uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Babu yangu ni Mkamba wa upinde na mshale wa sumu. Hilo somo sikulipata chuo (niliacha, tulieni). Anasema wingu likiwa zito walikuwa wanarudi nyumbani kula muthokoi. Na hao walikuwa na njaa ya ukweli.