Pipa la oili kuelekea Kongo: Nani abebe hasara mtambo ukifa?

UCHAMBUZI

Mwezi Juni 2021 Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Rais Félix Tshisekedi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliweka jiwe la msingi la mradi wa barabara huko Mpondwe, mpakani mwa nchi hizo mbili. Mradi huo ni wa kilomita 223: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo kilomita 54, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru kilomita 89. Kipande hicho cha mwisho kiliingia matatani baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Bunagana Juni 2022.

Panapokwenda greda, katapila na shindilia, vilainishi hufuata: oili ya injini, mafuta ya haidroliki, oili ya giaboksi na grisi. Ni biashara nzuri kwa wenye maduka na wenye malori. Hata hivyo, mteja akipiga simu na kuagiza "oili ya katapila" tu, muuzaji atapakia pipa lililopo stoo. Mtambo ukifa, mkandarasi atamlaumu muuzaji, muuzaji atamlaumu dereva, na deni litabaki halijalipwa.

Herufi mpya si lazima iwe bora

Namba 15W-40 iliyoandikwa kwenye pipa inaeleza uzito wa oili peke yake. Kazi yake inaelezwa na herufi za Taasisi ya Petroli ya Marekani (API). Oili nyingi za dizeli huanza na C. CI-4 ilitoka mwaka 2002, na CK-4 ikaanza kutumika Desemba 2016.

Wengi hudhani ya karibuni ndiyo bora popote. Jambo hilo linategemea dizeli. CI-4 ilitengenezwa kwa dizeli yenye salfa hadi sehemu 5,000 katika milioni, wakati CK-4 imelengwa kwa dizeli isiyozidi sehemu 500. Salfa ikiungua huzaa asidi, na oili huwa na dawa ya kuiua asidi hiyo. Dawa ikiisha kabla ya siku ya kubadilisha oili, injini huanza kulika.

Ikumbukwe kwamba Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilianza kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 Januari 2015. Kongo haikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo. Ilijiunga mwaka 2022. Kwa hiyo muuzaji wa Kampala amuulize mteja wa Beni mtambo wake unajazwa dizeli ya wapi.

Upande wa pili, mitambo mipya yenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi inahitaji oili yenye majivu kidogo, yaani CJ-4 au CK-4. Ukiitilia CI-4, majivu huziba chujio.

Oili moja haifanyi kazi zote

Giaboksi za mitambo mingi mizito zina klachi zinazofanya kazi ndani ya oili. Vitabu vya mitambo hiyo mara nyingi hutaka oili ya daraja la TO-4, ambayo huziacha klachi zishike bila kuteleza. Oili ya GL-5, inayotumika kwenye difu za malori, haifai humo. Katika haidroliki namba za kawaida ni ISO 46 na ISO 68. Ya pili ni nzito zaidi na hustahimili joto la pwani, lakini Butembo, mji wa milimani wenye baridi, inaweza kuwa nzito mno asubuhi. Pini za kijiko hutaka grisi namba 2 yenye molibdenamu, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5.

Mwenye neno la mwisho ni kitabu cha mtambo. Rangi ya pipa na sifa za fundi hazitoshi.

Pipa likiwa njiani

Wasafirishaji nao wana sehemu yao. Pipa la lita 208 lililosimama wima hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko. Mchana jua hutanua hewa iliyomo na kuisukuma nje. Usiku pipa likipoa huvuta ndani, na maji hupenya kwenye kizibo hata kikiwa kimefungwa. Lori likikaa siku kadhaa kwenye foleni ya mpakani, oili nzuri inaweza kufika na maji. Dawa yake ni turubai. Stoo, pipa lilazwe ubavu huku vizibo vyote viwili vikiwa sawa na usawa wa ardhi, ili oili ivifunike kwa ndani.

Aidha, mafuta ya haidroliki yachujwe wakati wa kujaza, hata kama pipa ni jipya.

Ankara iseme yote

Ulinzi wa pande zote tatu upo kwenye karatasi. Ankara itaje aina ya mtambo, uzito wa oili, herufi za API au daraja la mtengenezaji, na namba ya toleo iliyopigwa kwenye pipa. Dereva akague lakiri za vizibo anapopakia, na mpokeaji azikague tena kabla ya kutia sahihi. Pipa ambalo lakiri yake imekatwa lisipokelewe, kwani pipa tupu la kampuni yenye jina ni rahisi kujazwa oili chafu.

Mkandarasi asiyeweza kutaja namba hizo aombwe picha ya ukurasa wa vilainishi katika kitabu cha mtambo kabla lori halijapakiwa. Ni kazi ya dakika chache, na mzigo ukishavuka Kasindi kuurudisha ni gharama juu ya gharama.