Kuwaita Wananchi Kugawana Senti 5

Katika jiji la New York, nchini Marekani, serikali ya jiji imekuwa ikitoa ruzuku ndogo ndogo kwa vikundi vya mitaani ili viwakusanye wakazi, viwaeleze maana ya bajeti, visikilize wanataka nini, na mwishowe viwahimize kupiga kura ya kuchagua miradi itakayotekelezwa kwa fedha za umma. Kazi hiyo iko chini ya tume maalumu ya kuwashirikisha raia, iliyozaliwa na kura ya maoni ya mwaka 2018. Mpango wenyewe umepewa jina tamu: Fedha za Wananchi. Kila mkazi aliyetimiza miaka 11 anaruhusiwa kupiga kura, awe raia wa Marekani au mgeni aliyehamia. Walimu watapendezwa kusikia kwamba huko hata mtoto wa darasa la tano huulizwa maoni yake juu ya matumizi ya mji wake.

Jina ni tamu, lakini tutazame hesabu. Mpango huo ulipoanza kwa jiji zima mwaka 2022, fedha zilizotengwa ili wananchi waziamulie zilikuwa dola milioni 5. Bajeti ya jiji la New York inazidi dola bilioni 100 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba katika kila dola 1,000 za jiji, wananchi waliitwa kwa ngoma na vigelegele waje waamue juu ya senti zisizozidi 5. Dola 999 na senti 95 zilizobaki huamuliwa kwingine, katika mvutano baina ya Meya na madiwani unaoanza Januari na kumalizika kabla ya mwaka wa fedha kuingia Julai 1. Huko mwananchi wa kawaida hupewa dakika chache za kusema, kisha hushukuriwa na kuombwa ampishe anayefuata. Hata tukiongeza fedha ambazo baadhi ya madiwani, kuanzia wale wanne wa mwaka 2011, wamekuwa wakizitenga ili zipigiwe kura katika maeneo yao, kiasi cha dola milioni 1 hivi kwa kila diwani, picha haibadiliki sana.

Wasomaji wasidhani kwamba tunailaani ruzuku yenyewe. Wako mabwana wanaoipinga kwa hoja nyingine kabisa, ati mwananchi anayeupenda mji wake atakuja mkutanoni bila kugharimiwa na mtu. Hoja hiyo imevaa joho la uzalendo, lakini chini ya joho mna ubahili mtupu. Tujiulize, ni nani huyo awezaye kuja bila kugharimiwa? Atakuja mwenye nyumba anayechunga thamani ya mtaa wake. Atakuja mstaafu mwenye pensheni na wakili mwenye nafasi jioni. Mwanamke anayefagia ofisi usiku kucha hatakuja. Dereva wa teksi aliyehamia kutoka Bangladesh, ambaye hulipwa kwa safari anazopata na wala si kwa saa alizokaa kikaoni, hatakuja. Mama asiye na wa kumwachia mtoto hatakuja. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa New York walizaliwa nje ya Marekani, na wengi wao Kiingereza ni lugha ya kazini tu. Ili watu hao wafike na waelewe kinachosemwa, pahitajika mkalimani, mtu wa kuangalia watoto, chai na kitafunwa, na zaidi ya yote mtu wanayemfahamu atakayebisha hodi mlangoni mwao. Mambo yote hayo yana gharama. Serikali ya mji inayowalipa wanasheria, wakaguzi na washauri bila kunung'unika haina haki ya kuanza kuhesabu shilingi inapofika zamu ya mkalimani.

Kwa hiyo ruzuku ni haki. Ugomvi wetu ni juu ya desturi ya kuitoa ruzuku mahali pa madaraka.

Mtu asituambie kwamba jambo hili haliwezekani, kwa sababu limekwisha kufanyika. Mji wa Porto Alegre, kusini mwa Brazili, uliingia mikononi mwa Chama cha Wafanyakazi mwaka 1989, Meya akiwa Olívio Dutra. Utawala wa kijeshi ulikuwa umeondoka mwaka 1985 tu, na hazina ya mji ilikuwa hoi, karibu mapato yote yakiliwa na mishahara. Hata hivyo halmashauri iliweka mezani fungu zima la maendeleo: mabomba, mifereji ya maji machafu, barabara za lami, shule. Mji uligawanywa katika kanda 16. Kila kanda ilichagua wajumbe, na fedha ziligawanywa kwa kanuni iliyojulikana na wote, ambayo ilizipa kipaumbele sehemu zenye upungufu mkubwa na watu wengi. Mwaka 1990 waliohudhuria hawakufika 1,000. Mwaka 1992 walizidi 7,000. Ni nini kilichowaleta? Halmashauri iliajiri wahamasishaji walioingia katika mitaa isiyokuwa na vyama, na hilo lilisaidia. Lakini mhamasishaji mkubwa kuliko wote alikuwa bomba la maji lililofika katika mtaa wa jirani. Mtu akiona kwa macho yake kwamba wenzake walikwenda mkutanoni mwaka jana na mwaka huu wanachota maji, haombwi mara mbili.

Tena Porto Alegre vyama vya wakazi vilitangulia. Umoja wao uliundwa mwaka 1983, wakati wanajeshi wangali madarakani, na ulikwisha kudai sauti katika bajeti kabla Dutra hajakalia kiti cha umeya. Haukuundwa ili upate ruzuku. Katika New York mambo yamegeuzwa. Kikundi kidogo kinatia saini mkataba na jiji, na kitakachopimwa ni mikutano mingapi kimeitisha na watu wangapi wamehudhuria. Je, kikundi hicho kitathubutu kuwaambia watu waliokaa mbele yake kwamba wameitwa kugawana senti 5? Aliyelipwa kupiga tarumbeta hawezi kusimama katikati ya shughuli akawatangazia wageni kuwa jikoni hakuna kitu. Na hata malipo yenyewe ya tarumbeta yana balaa lake, maana mashirika yanayofanya kazi kwa mkataba na jiji hilo yamelalamika kwa miaka mingi kwamba hulipwa kwa kuchelewa. Shirika kubwa litakopa benki. Kikundi cha akina mama wa mtaa mmoja kitakopa wapi?

Yapo mengine yanayosikitisha zaidi. Katika kura za madiwani, miongoni mwa miradi iliyoshindanishwa ilikuwamo ya kukarabati vyoo vya shule za serikali. Watetezi wa mpango hujivunia jambo hili, na ni kweli kwamba wazazi walipata nafasi ya kuifichua aibu iliyokuwa imefichwa. Lakini mwalimu yeyote atauliza: kwa nini choo cha mwanafunzi kipigiwe kura hata kidogo? Kikishindwa na bustani ya mtaa wa pili, watoto waende wapi? Choo cha shule ni wajibu wa mji, na mahali pake ni katika zile dola 999, ambako mzazi hana kura.

Watumishi wa serikali wanaosoma ukurasa huu wanaujua ugonjwa huu bila kupanda ndege. Sheria ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji, na wengi wetu tumekaa katika mikutano ambayo makadirio yalisomwa yakiwa yamekwisha kupigwa muhuri wilayani, kisha ofisa akashangaa kwa nini mahudhurio yanapungua.

Watetezi wa mpango wa New York watajibu kwamba kila jambo huanza kidogo. Sawa. Basi jiji litamke litaongeza kiasi gani, na mwaka gani. Vikundi vilipwe kabla ya kazi, viruhusiwe kuwaeleza watu bajeti yote pamoja na sehemu ambayo hawakuachiwa kuiamua, na visinyimwe mkataba wa mwaka unaofuata kwa kufanya hivyo. Muda wa kuanza kidogo umekwisha kupita. Mtoto aliyezaliwa New York mwaka 2011, wakati madiwani wale wanne walipoanza, alitimiza miaka 11 mwaka 2022 na akaruhusiwa kupiga kura katika mpango wa jiji zima. Alipofika mezani alikuta senti 5.