SIKU 14 HAZITOSHI KWA MTU ALIYEPASULIWA INI

Bwana Mhariri na ndugu wanachama,

Naomba nafasi niseme machache juu ya mwenzetu mmoja wa karakana ambaye mwaka jana alipasuliwa ini kwa ajili ya kansa. Jina lake silitaji, wala hospitali siitaji, maana sikuja kushitaki mtu. Nataka tuzungumze habari ya likizo ya ugonjwa, lakini kwanza yanipasa kueleza habari ya vidudu.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Daktari alikata sehemu yenye uvimbe, akatuambia kwamba ini lililobaki litakua tena. Hiyo ni kweli, ini ni kiungo cha ajabu. Sisi tuliposikia hivyo tulidhani mambo yamekwisha. Siku ya saba homa ikampanda, akatetemeka hata kitanda kikawa kinalia. Kumbe pale ini lilipokatwa nyongo ilikuwa ikivuja kidogo kidogo, vidudu vikapata makao, pakatunga usaha. Ilibidi atobolewe ubavuni, atiwe mpira ili usaha utoke, na apewe dawa za sindano mchana na usiku. Alikuwa ameambiwa atalala siku 10, akalala wiki 5.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema ni uchafu wa hospitali, wengine wakasema amerogwa na mtu anayetaka cheo chake. (Cheo gani, jamani? Fundi wa breki!) Mimi nilimwuliza daktari, naye hakunificha. Alisema katika upasuaji wa ini hatari hii ipo hata mahali palipo safi, kwa sababu ini limejaa mirija ya nyongo, na damu itokayo matumboni hupita humo. Tena wagonjwa wengi wa kansa ya ini huwa ini lao limekwisha kuharibika tangu zamani, kwa pombe au kwa homa ya ini ya aina ya B au C. Mwenye kisukari, au aliyekaa mezani saa nyingi na kuongezewa damu, hatari yake huzidi.

Lakini kusema hatari ipo si kusema hakuna la kufanya. Sisi wa reli tuna udugu wa mbali na jambo hili. Mwaka 1867 Joseph Lister, mpasuaji wa Glasgow, alitangaza njia yake ya kutibu vidonda kwa kaboliki. Dawa hiyo ilitoka katika lami ya makaa ya mawe, na katika lami hiyo hiyo hutoka mafuta meusi yanayotiwa katika mataruma ya mbao yasioze. Na siku hizi tumeona mambo hapa kwetu. Hospitali 5 za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilishika taratibu chache: mgonjwa aoge kabla, asinyolewe kwa wembe, ngozi isafishwe kwa dawa iliyo sawa, wapasuaji wasafishe mikono barabara, dawa ya kuzuia vidudu itolewe kabla ya kisu wala si baadaye, na watu wasiingie na kutoka ovyo chumbani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Zamani katika wagonjwa 100 walioingiwa na vidudu walikuwa 8, wakashuka hata chini ya 4. Hao walipasuliwa kwa mambo ya kila namna, si ini tu, lakini vidudu ni vidudu.

Lawama nyingine ni yetu wenyewe. Jumapili moja tulikwenda kumwona watu 9, tumetoka zamu, nguo zina grisi, tukakaa juu ya kitanda chake. Mimi mwenyewe niliinua bandeji nione kidonda. Naona haya kuyaandika. Mfereji wa wodi ulikuwa mkavu siku ile, na kazi ya wasimamizi ni kuona maji yapo. Hata hivyo mfereji mkavu haukunituma kugusa bandeji.

Sasa nafika kwenye mshahara. Mwenzetu huyu aliandikwa na mkandarasi, hamo katika mapatano ya chama. Mkandarasi alifuata Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 kama ilivyo: siku 7 za mshahara kamili, siku 7 za nusu mshahara, basi. Hakuvunja neno. Siku ya 15 mshahara ukakatika, na mtu bado ana mpira ubavuni. Mama watoto akauza ng'ombe. Alipotoka hospitali alirudi kazini kabla ya wakati, akainua vyuma, homa ikarudi, na matibabu yake yaliyosalia yakasogezwa mbele.

Jambo hili si dogo. Madaktari wamechunguza wagonjwa wa namna hii katika nchi nyingi, na mara nyingi wameona kwamba walioingiwa na vidudu baada ya kupasuliwa kansa ya ini, kansa huwarudia mapema zaidi na maisha yao huwa mafupi. Bado wanabishana kama ni vidudu vyenyewe au ni kwa kuwa mwili ulikuwa dhaifu tangu mwanzo. Kwangu mimi, yote mawili yataka mtu apumzike, asiinue vyuma.

Najua atatokea mkubwa mmoja aseme kwamba tukiongezewa siku tutajifanya wagonjwa. Namwuliza, ni nani atakayekubali kutobolewa ubavu ili apate likizo?

Sheria haikusema siku 14 ndiyo mwisho, ilisema zisipungue hapo. Kwa hiyo chama chaweza kupatana zaidi. Mimi ningependa mapatano yajayo yaseme hivi: aliyepasuliwa upasuaji mkubwa apate mshahara kwa muda ambao daktari ameandika, hata miezi 3, na akirudi apewe kazi nyepesi kwanza. Tena watu wa mkandarasi waingizwe. Tunafunga breki za gari moja, wao na sisi.

Habari ya chanjo ya homa ya ini ya B, na ya mahindi yenye ukungu ambayo pia huleta kansa hii, nitaiandika siku nyingine, karatasi imekwisha.

Mwenzetu yuko kwao sasa. Kila miezi 3 huja mjini kupigwa picha ya ini. Mkutano wa tawi utakapoitwa nitasimama kuuliza neno hili la mapatano, na naomba wale watu 8 tuliokwenda nao Jumapili ile wawepo.

Ni mimi mwanachama wenu,
Fundi wa Karakana