Mimi ni Zao la Kangomba

Kila msimu wa korosho unapokaribia, wananchi wa mikoa ya kusini husikia tamko lile lile: kangomba ni hujuma, na atakayebainika atachukuliwa hatua kali. Viongozi hulitoa, magazeti hulichapa, nasi wasomi huitikia. Mwaka huu nimeshindwa kuitikia, na naona ni haki nieleze sababu.

Kwa wasiotoka kusini, kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya chama cha ushirika, kwa chombo badala ya mizani, mara nyingi kabla korosho yenyewe haijadondoka mtini. Mnunuzi hutoa fedha wakati wa shida. Mkulima hulipa kwa korosho wakati wa mavuno, kwa bei iliyo chini mno ya ile ya soko.

Nilipochaguliwa kuingia kidato cha tano, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa mwezi Julai na mikorosho ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua. Shule ilitaka ada, sare, godoro na nauli. Mama alimwita mjomba, kwa maana kwetu jambo la namna hiyo haliamuliwi bila mjomba. Walikaa barazani hadi usiku. Asubuhi mama alikwenda kwa mwenye duka, akarudi na fedha zimefungwa kwenye pindo la kanga. Oktoba ilipofika, sehemu kubwa ya mavuno yetu ilibebwa kwenda dukani. Mama hakulalamika, alisema tu kwamba mwaka ule tulikula maua.

Leo nina shahada ya uzamivu. Kwa mantiki ya matamko yetu, mama yangu alikuwa mhujumu, nami ni mnufaika wa hujuma.

Simtetei mwenye duka, alitunyonya. Wala siubezi mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08. Mfumo huo ulirejesha mizani mahali pa kopo, na mnada ukawalazimisha wanunuzi kushindana. Hata wakulima walipozikataa bei za wanunuzi mnadani Oktoba 2018, waliweza kukataa kwa sauti moja kwa sababu bei ilitajwa hadharani. Mbele ya mwenye duka, mama hakuwa na uwezo huo.

Lakini tukumbuke kilichofuata. Novemba mwaka huo Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likakabidhiwa kazi ya kuisomba. Uhakiki ukaanza ili kuwabaini wenye korosho za kangomba, na wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa miezi. Aliyecheleweshewa malipo, watoto wakihitajika shuleni, alikwenda kukopa wapi? Kwa yule yule aliyekuwa anasakwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Stakabadhi ya ghala, kwa maana yake ya kisheria, inaweza kuwa dhamana ya mkopo. Ila mkulima huipata baada ya kufikisha korosho ghalani, Oktoba au Novemba. Njaa yake ni ya Februari. Palizi haingoji mnada. Ugonjwa hauna msimu. Ruzuku ya salfa na viuatilifu ni msaada mkubwa, lakini salfa hailiwi wala hailipi hospitali. Tumemwekea dhamana mwishoni mwa safari, kisha tunamwadhibu kwa kukopa njiani.

Wapo watakaosema kwamba kumkopesha mkulima kabla ya mavuno ni hatari, kwa kuwa ubwiriunga au mvua isiyo ya wakati vinaweza kuteketeza maua yote. Ni kweli. Lakini hatari hiyo hiyo huibeba mwenye duka, na bado anatajirika. Yeye, bila kompyuta, anajua nani ana mikorosho mingapi na nani hulipa deni. Chama cha msingi kina kumbukumbu za kilo za kila mwanachama, na malipo ya mkulima hupitia benki. Kwa kumbukumbu hizo, mkulima angeweza kukopeshwa sehemu ndogo ya wastani wa mauzo yake ya misimu iliyopita, wenzake wakimdhamini, na deni likakatwa mnadani. Chama nacho kingeweza kutenga akiba ya shilingi chache kwa kila kilo kwa ajili ya dharura za wanachama. Na mnunuzi akishalipa, fedha zimfikie mkulima bila kuzungushwa. Hayo yakifanyika, kangomba itakosa wateja kabla polisi hawajaifikia.

Watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, kabla ya kuandaa tamko la msimu ujao, ulizeni kaya ya mkulima inaishi kwa nini kati ya Januari na Septemba. Nanyi wanafunzi wangu, hasa mnaotoka Newala, Tandahimba, Nanyumbu na Liwale, msiharakishe kuandika katika tasnifu zenu kwamba mkulima huuza kangomba kwa kukosa elimu. Mama yangu alijua kabisa bei ya kilo moja ya korosho. Alijua pia kwamba shule inafunguliwa Jumatatu.