Bodi ya Mikopo iige TRA

Mfanyakazi wa Tanzania huilaumu TRA kwa kila shilingi inayopungua kwenye mshahara wake. Kwa aliyesoma chuo kwa mkopo, lawama hizo zimebisha mlango usio wenyewe.

Mchukue mhitimu aliyeajiriwa na shule binafsi kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. NSSF inaanza na asilimia 10, yaani 40,000. Inafuata kodi, inayopigwa kwenye kinachobaki: kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo haziguswi, na kinachozidi hapo, kwa mshahara wa kiasi hicho, hutozwa asilimia 8. TRA inaondoka na 7,200. Kisha inakuja Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu na kukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kuanzia shilingi ya kwanza: 60,000. Mkopo unamla zaidi ya mara nane ya kodi.

Anabaki na 292,800, hajalipa pango wala nauli.

Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa muda mrefu makato yalikuwa asilimia 8. Marekebisho ya 2016 yakayafikisha 15, yakawakumba hata waliokopa zamani na kupanga maisha yao kwa asilimia 8. Serikali ilikuwa na sababu: wengi walimaliza chuo wakapotelea mitaani bila kurejesha, na fedha inayorejeshwa ndiyo inayomsomesha anayefuata. Ila ukali huo uliwashukia waliokuwa wanalipa tayari. Makato humnasa mwenye salari slipu. Mhitimu mwenye duka la jumla Kariakoo, hata akiingiza mara kumi ya mwalimu, ni vigumu kumfikia.

Mengine yamerekebishwa, na yanastahili kusifiwa. Mei Mosi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilinenepesha deni kila mwaka hata kwa anayelipa. Bumu, yaani fedha ya kujikimu chuoni, lilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele wakaanza kukopeshwa. Yote haya humsaidia kijana akiwa chuoni. Akishaajiriwa, asilimia 15 inamsubiri pale pale.

Huko England mkopaji hukatwa asilimia 9 ya kile tu kinachozidi kiwango kilichowekwa; aliyeanza chuo tangu Agosti 2023 aliwekewa kiwango cha pauni 25,000 kwa mwaka. Tanzania haihitaji kubuni kiwango kipya. Zile 270,000 ambazo TRA imekubali kwamba ni za kula na kulala, Bodi nayo iziache. Mwenye 400,000 atakatwa 19,500. Mwenye milioni tatu atakatwa 409,500 badala ya 450,000. Nafuu ni ile ile, 40,500 kwa kila mmoja, ila kwa wa kwanza hiyo ni kodi ya chumba, na wa pili huenda asiitambue.

Makusanyo ya mwezi yatashuka, hilo halifichiki. Deni litachukua miaka mingi zaidi kuisha, na kwa kuwa ile tozo imefutwa, mfumuko wa bei utaila sehemu yake kwa hasara ya Serikali. Lakini halisamehewi hata senti. Pengo lianze kuzibwa kwa wasiokatwa kabisa: TRA ina wafanyabiashara wenye TIN, Bodi ina majina ya wadaiwa, na orodha hizo mbili zikilinganishwa kwa namba ya NIDA, yule wa Kariakoo ataonekana.

Viwango vya kodi ya mishahara hubadilishwa kupitia Sheria ya Fedha, ambayo Bunge huipitisha Dodoma kila Juni. Kifungu cha asilimia 15 kinaweza kurekebishwa katika muswada huo huo.