Kujifungulia hospitalini tumeweza, lakini nani anamwangalia mama akirudi ploti?

Ukitaka kujua kwa nini mjadala wa afya ya uzazi unawahusu sana vijana wa Thika Road, anza na hesabu ya watu. Sensa ya 2009 ilipata watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikapata 490,120. Yaani mji uliongezeka zaidi ya maradufu ndani ya miaka kumi. Thika, mji wa viwanda ambao wengi bado wanaudhania kuwa ndio mkubwa, ulikuwa na watu 251,407.

Hawa wageni wa Ruiru si wastaafu. Wengi ni vijana waliofuata kazi, chuo na kodi nafuu, wakapanga bedsita Kihunguro, Kimbo, Mwihoko au Gatongora. Wenzao wako Makongeni na Kiandutu kule Thika. Na mahali vijana wanapopanga, watoto wanazaliwa. Kwa hivyo swali la jinsi mama anavyohudumiwa akijifungua, na anavyoishi wiki zinazofuata, ni swali la ploti yenu. Si la wizara peke yake.

Kuna jambo moja ambalo ni haki tuisifu nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, maarufu kama KDHS, ulionyesha kwamba mwaka wa 2008-09 ni asilimia 43 tu ya watoto waliozaliwa katika vituo vya afya. Mwaka wa 2014 ikawa 61. Mwaka wa 2022 ikafika 82. Sera ya kujifungua bila malipo katika hospitali za umma, iliyoanza Juni 1, 2013 na baadaye ikaitwa Linda Mama, ilichangia pakubwa. Kaunti ya Kiambu, yenye Thika na Ruiru, iko katika kundi la mbele kabisa: hapa karibu kila mama hujifungulia kituoni.

Lakini sensa ya 2019 ilikadiria kwamba akina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini. Hiyo ni idadi kubwa kwa nchi ambayo wajawazito wake wengi wanafika hospitalini. Ndiyo maana watafiti waliacha kuuliza tu, "Je, mama alifika?" Wakaanza kuuliza maswali mengine mawili: alipofika alitendewaje, na alipotoka nani alimfuata?

Kaunti ya Kiambu ni mojawapo ya mahali ambapo maswali hayo yameulizwa kwa makini zaidi Kenya. Tatizo ni kwamba majibu hayajatufikia mtaani.

Heshima ni dawa

Tuanze na mradi ulioitwa Heshima. Kati ya 2011 na 2012, watafiti waliwahoji akina mama 641 walipokuwa wakiondoka katika vituo 13 vya afya, Kiambu ikiwa mojawapo ya kaunti zilizohusika. Mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa kwa namna fulani. Asilimia 18 walisema hawakutendewa kwa utu. Asilimia 14.3 walisema waliachwa peke yao au kupuuzwa. Asilimia 4.2 walitaja kuumizwa kimwili, na asilimia 8.1 walisema walizuiliwa kwa sababu ya bili.

Utaskia mtu akisema, "Aa, hizo ni kelele za leba, sista lazima awe mkali." Utafiti unasema hapana. Mradi huo uliwafunza wahudumu, ukawashirikisha wasimamizi wa hospitali na wanajamii, na ulipopima tena, kiwango cha malalamiko kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Kwa hivyo ukali si sehemu ya leba. Ni tabia, na tabia inabadilika mtu akisimamiwa vizuri na asipofanya kazi akiwa amechoka kupita kiasi.

Sheria nayo iko upande wa mama. Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya huduma ya bure kutangazwa, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma Bungoma, na badala ya kusaidiwa akatukanwa na kupigwa. Alienda kortini. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaagiza alipwe Sh2.5 milioni na aombwe msamaha. Kesi ni ya Bungoma, lakini Katiba ni ile ile inayotumika Ruiru: Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na afya ya uzazi imetajwa humo kwa jina.

Utafiti mwingine unaonyesha kwamba kumheshimu mama kuna matokeo yanayoonekana wiki kadhaa baadaye. Kundi la watafiti wakiongozwa na May Sudhinaraset liliwafuatilia mamia ya wanawake waliojifungua katika vituo vya Nairobi na Kiambu, na matokeo yakachapishwa 2021. Hawakuishia siku ya kujifungua. Waliwatafuta tena wakiwa nyumbani. Waliosema walielezwa kinachoendelea, wakasikizwa na kutendewa kwa heshima, walikuwa na uwezekano mdogo wa kuripoti matatizo yao ya kiafya au ya mtoto, na uwezekano mdogo wa kuonyesha dalili za sonona, ile ambayo mtaani tunaiita depreshoni.

Fikiria maana yake. Mama aliyefokewa leba akaogopa kuuliza swali, hawezi kurudi kwa furaha wiki ijayo kuuliza kwa nini kidonda kinauma. Atakaa nyumbani avumilie. Na kuvumilia ndiko kunakoua.

Kutoka njahi hadi bedsita

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema vifo vingi vya akina mama na watoto wachanga hutokea katika mwezi wa kwanza baada ya kujifungua. Ndiyo maana linapendekeza mama na mtoto waangaliwe na mhudumu angalau mara nne: ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Sasa linganisha na hali ya kawaida huku kwetu. Mama anaruhusiwa kutoka kesho yake, anapanda teksi au matatu, na safari yake inayofuata ya kliniki ni ya chanjo ya mtoto. Mtoto anapimwa uzani, anadungwa, kitabu kinagongwa muhuri. Mama mwenyewe haulizwi hata moja.

Zamani pengo hilo lilizibwa na watu. Pwani kulikuwa na arobaini, mama akikandwa na kupumzishwa. Kwa Wakikuyu, majirani na jamaa walifika na kuni, uji na njahi, na nyanya alikuwepo kushika mtoto ili mama alale. Hakuna aliyeita hiyo huduma ya afya ya akili, lakini ilifanya kazi hiyo. Mtu akiacha kula au akilia bila sababu, kuna aliyeona.

Kwenye bedsita ya Ruiru, huyo mtu wa kuona yuko wapi? Shosho yuko ushago. Jirani wa mlango wa pili anatoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi usiku. Baba wa mtoto, kama yupo, anatafuta pesa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye malipo na baba wiki mbili, lakini kibarua wa shambani, wa kiwandani au wa mjengo anayelipwa kwa siku hana wa kumpa hiyo likizo. Wiki mbili tatu zikiisha, kuna kodi ya kulipwa.

WHO inakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 20 ya wanawake waliojifungua hupatwa na tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Utafiti uliochapishwa 2016 kutoka mtaa wa kipato cha chini Nairobi ulipata asilimia 13. Hata tukishika hiyo ndogo, ni zaidi ya mama mmoja kati ya kila wanane. Hesabu milango ya ploti yenu.

Na sonona si kisirani, si mapepo, wala si uvivu wa wasichana wa siku hizi. Huzuni ya siku chache za kwanza ni ya kawaida na huisha yenyewe. Ikizidi wiki mbili, mama akikosa usingizi hata mtoto akilala, akijilaumu kwa kila kitu, akikosa hisia kwa mtoto au akiwaza kujidhuru, hiyo ni hali ya kutibiwa. Kuna kipimo cha maswali 10 kilichoundwa Edinburgh, Scotland na kuchapishwa 1987, ambacho muuguzi anaweza kukitumia kwa dakika chache tu. Hakihitaji mashine wala maabara.

Majaribio yalifanyika hapa hapa

Kinachouma zaidi ni kwamba suluhu zimejaribiwa nyumbani kwetu. Mwaka wa 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa na hospitali moja ya kibinafsi ya uzazi katika Kaunti ya Kiambu. Wahudumu wa afya ya jamii waliwafikia akina mama siku chache baada ya kujifungua, wengine kwa kuwatembelea, wengine kwa simu, wakiwa na orodha fupi ya maswali kuhusu dalili za hatari. Ilidhihirika kwamba mazungumzo mafupi kama hayo, yakifanywa mapema, yanaweza kumsaidia mama kutambua tatizo na kutafuta huduma.

Mwaka wa 2020 ukafuata utafiti mwingine. Wanawake waliopatikana kliniki katika hospitali mbili za umma za Kiambu walijaribiwa na programu ya simu iliyoitwa Zuri, iliyowatumia ujumbe na kuwapitisha katika mazoezi ya kukabiliana na sonona. Nalo shirika la Jacaranda Health, lililoanzia katika ukanda huu wa Thika Road, linaendesha huduma ya PROMPTS ambapo mama hupokea ujumbe mfupi na kuuliza maswali bila malipo, hata kwa simu ya mulika mwizi.

Si kwamba SMS itachukua nafasi ya muuguzi. Lakini tunajua sasa kwamba kumfuata mama nyumbani kunawezekana, kwa gharama ndogo, na vifaa tunavyo. Tangu Septemba 2023, serikali imewapa mikoba ya vifaa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini, kila mmoja akitarajiwa kuzishughulikia takriban nyumba 100. Ruiru yenye ploti za orofa tano, nyumba 100 ni jengo moja au mawili. Mhudumu anaweza kuzimaliza kwa miguu.

Pesa inafuata nini?

Hapa ndipo siasa inaingia. Kuanzia Oktoba 1, 2024, NHIF iliondoka na SHA ikaingia. Linda Mama ikawa Linda Jamii. SHA huilipa hospitali Sh10,000 kwa mama aliyejifungua kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Lakini chini ya Linda Mama, mama hakuhitaji kuchangia chochote. Sasa lazima awe amesajiliwa na amelipa. Kwa asiyeandikwa kazi, kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na ilipoanza ilitakiwa ilipwe ya mwaka mzima, Sh3,600, kwa mpigo. Kwa msichana wa miaka 21 anayeuza mitumba Makongeni, hizo si pesa za kuokotwa.

Kisha kukaja mgomo. Madaktari wa Kaunti ya Kiambu waliweka vifaa chini mwezi wa Mei 2025 na mgomo ukaisha Oktoba, baada ya siku 150. Chama chao, KMPDU, kilidai watoto wachanga walifariki kwa kukosa huduma. Serikali ya kaunti ikapinga. Haijalishi unamwamini nani. Kwa miezi mitano, mama mwenye tatizo alilazimika kuchagua kati ya hospitali isiyo na daktari wa kutosha na ya kibinafsi asiyoimudu.

Tazama basi pesa na hasira za umma zinaelekea wapi: siku ya kujifungua. Malipo ya SHA, mabishano ya magavana, picha za wadi mpya zikifunguliwa. Wiki sita zinazofuata hazina utepe wa kukata, kwa hivyo hazina mtetezi.

Vijana wa Thika na Ruiru wanaweza kuwa watetezi hao. Bajeti ya kaunti hupitia vikao vya umma kila mwaka. Nenda uulize mambo matatu. Je, wahudumu wa afya ya jamii wanalipwa kwa wakati, na ziara ya baada ya kujifungua ni sehemu ya kazi yao? Je, kliniki ya chanjo inamuuliza mama yale maswali 10? Je, kuna njia ya kulalamika wadi ya uzazi bila kuogopa kulipiziwa?

Na nyumbani, hasa nyinyi kina baba wapya: msajili mama SHA mapema kupitia *147#, msingoje leba. Jueni dalili za hatari: damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu, uchafu unaonuka, au mguu mmoja kuvimba. Yoyote kati ya hizo ni ya kukimbizwa hospitalini usiku huo huo. Mama akizidiwa na mawazo, laini ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo. Wewe jirani, ukienda kuona mtoto, mpike mama chakula, mshikie mtoto saa moja alale, kisha muulize yeye anaendeleaje. Usikubali "niko tu sawa" ya kwanza.